Neno 'usahihi' limebebeshwa dhana mbili

WAANDISHI na watafsiri wetu wa habari za sayansi wana mazoea ya kutumia neno 'usahihi' kwa dhana mbili tofauti. Athari yake huonekana wazi katika habari za darubini za redio zinazopima mahali yalipo magimba ya angani.

Chukua mfano wa mizani ya muuza nyama. Ukipima pande lilelile mara 10, nayo ikasema kilo moja mara zote, utasema mizani hiyo ni sahihi. Je, kama imechezewa ikazidisha gramu 100? Majibu yanakubaliana vizuri tu, ila yote ni ya uongo! Kukubaliana kwa vipimo ni jambo moja. Kukaribia ukweli ni jingine kabisa.

Wanafalaki wanaijua vyema tofauti hiyo. Wao huunganisha darubini zilizo katika mabara tofauti, kisha hupima jinsi wimbi moja la redio linavyopishana muda wa kuzifikia. Kadiri darubini zinavyotengana, ndivyo majibu ya vipimo vya pembe yanavyokaribiana. Lakini mvuke wa maji hewani huchelewesha wimbi, na kosa la nanosekunde 1 ni sawa na sentimita 30 za safari ya mwanga. Kurudia kipimo mara 100 chini ya hewa ileile hakuondoi kosa hilo, kunalikariri tu.

Dawa yake ni kuelekeza darubini kwa zamu: mara kwa gimba linalopimwa, mara kwa kwaza, yaani kiini king'avu cha galaksi ya mbali, iliyo karibu nalo na ambayo mahali pake panajulikana. Kosa linaloyapata yote mawili huondolewa. Ndiyo maana wanafalaki wana orodha ya kimataifa, iliyoanza kutumika Januari 1, 2019, yenye vyanzo 303 vya msingi. Kwaza ikiandikwa pasipo pake, kila kinachopimwa kwayo hupotoka pia.

Sasa mwandishi akisema 'usahihi umeongezeka', msomaji aelewe nini? Darubini zimetengana zaidi, ama kosa la hewa limeondolewa?

Kiingereza kina maneno mawili hapa. Nasi tunayo. 'Usahihi' libakie kwa kipimo kilicho karibu na ukweli. 'Uthabiti' litumike kwa vipimo vinavyokubaliana. Wapo watakaopendelea 'ulinganifu' au 'uwiano'. Siafikiani nao, kwa sababu maneno hayo tayari yana kazi zake katika hisabati.

Hili si suala la kuchagua maneno matamu. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshirikishwa na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, na wanafunzi wetu watasoma habari zake. Atakayeamini kwamba kurudia kipimo ni kukisahihisha atakuwa amepotoshwa na lugha, wala si na hesabu.