Yaya wa Nora: Krismasi ya Wanorwe kwa Macho ya Mtu wa Chome

Tamthilia ya Henrik Ibsen iitwayo Et dukkehjem, ambayo hapa nitaiita Nyumba ya Mwanasesere, imekwisha hakikiwa mpaka imechakaa. Kila mwanafunzi aliyepita katika kozi ya tamthilia anajua la kusema: mwanamke amefungwa, mwanamke amezinduka, mwanamke ametoka, mlango umejibamiza nyuma yake na Ulaya nzima ikashtuka. Maswali ya mtihani nayo huja yaleyale, nasi hujibu yaleyale, tukapata alama zetu tukaenda zetu. Sina ugomvi na usomaji huo. Ninachodai katika makala haya ni kwamba tumeruka jambo lililo wazi kabisa, nalo ni kuwa hii ni tamthilia ya Krismasi. Na kwa kuliruka hilo tumemruka mhusika ambaye, kwa msomaji wa kwetu, ndiye aliyebeba mzigo wa nyumba nzima. Huyo ni Anne-Marie, yaya.

Tuanze na tarehe. Kitabu kilitoka Copenhagen tarehe 4 Desemba 1879, wakati watu wananunua zawadi, na nakala 8,000 za kwanza zikaisha katika muda wa mwezi mmoja. Tarehe 21 Desemba mchezo ukawa jukwaani. Matukio yenyewe yanaanza mkesha wa Krismasi, yanaendelea siku ya Krismasi na kumalizika usiku unaofuata. Pazia linafunguka, mti wa Krismasi unaingizwa ndani. Sehemu ya pili inafunguka, mti uleule umesimama kona karibu na piano, umenyonyolewa mapambo, mishumaa imeungua ikabaki vishina. Mhakiki anayeandika kwamba mandhari ni "sebule ya tabaka la kati" halafu akauacha mti, huyo amesoma nusu ya maelekezo ya jukwaani.

Jambo jingine la kufikirisha ni kwamba Ibsen hakuiandika Krismasi hii akiwa kwenye theluji. Aliiandika Italia, kule Roma na Amalfi, katika jua la mwaka 1879. Alikuwa ameondoka kwao tangu 1864, na hakurudi kuishi Norwe mpaka 1891. Kwa hiyo mti ule, zawadi zile na moto ule wa jikoni ni vya mtu aliyeko ugenini anayekumbuka nyumbani. Wapare waliozagaa Dar, Moshi na Arusha hawahitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Sasa tazama mtu wa kwanza kutoka nje anayekanyaga jukwaa pamoja na Nora. Ni mchukuzi aliyebeba mti. Hana jina. Ujira wake ni nusu krone, Nora anampa krone nzima na kumwachia chenji. Tunapewa kuelewa kwamba mama huyu ana mkono mwepesi. Baadaye ndipo tunapojua kuwa ana deni la spesidaler 1,200, sawa na kroner 4,800, alilokopa kwa siri na kwa sahihi ya kughushi ili mumewe apelekwe Italia kutibiwa. Krismasi iliyotangulia alikuwa akijifungia kila usiku, mume akidhani anatengeneza maua ya mti, kumbe ananakili karatasi za watu kwa malipo, apate riba ya kumpa mdai. Hata paka alisingiziwa kwamba ndiye aliyeyachana maua! Watani zetu Wachaga husema Mpare hutoa senti moja akaililia mwaka mzima. Basi Mpare akisoma ukurasa ule wa kwanza, moyo unamruka kwa ile chenji iliyokwenda na mchukuzi. Ni sherehe ya mkopo ile, na Ibsen ametuonyesha kwa sarafu moja, kabla hajatamka neno "deni".

Mwaka 2022 nilikuwa Bergen, mji ambao Ibsen alifanya kazi ya tamthilia kuanzia 1851 hadi 1857, kwa muhula mmoja wa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Familia moja ikanikaribisha nikae nao wakati wa Krismasi. Jua kule Desemba huchomoza karibu saa nne kasoro robo asubuhi, na kufika saa tisa na nusu alasiri limezama. Tarehe 24, saa kumi na moja jioni, kengele za makanisa zikalia, na hapo mji ukajifunga. Ninaposema ukajifunga sitii chumvi: barabarani hapakuwa na mtu. Tukala pinnekjøtt, yaani mbavu za kondoo zilizotiwa chumvi, zikakaushwa, kisha zikapikwa kwa mvuke juu ya vijiti. Tukashikana mikono tukauzunguka mti tukiimba. Palikuwa na biskuti zenye tangawizi, nikawaambia kwamba tangawizi hiyo kwetu Same inalimwa milimani, wakafurahi sana. Walikuwa watu wema, na wala sikuwa mpweke.

Lakini Krismasi ya Chome ni ya milango wazi. Anayepita anaitwa, anakula. Jirani Msabato, ambaye kanisa lake halihesabu siku hiyo kuwa sikukuu, naye anapita akala, maana pilau haina dhehebu. Mkesha wa Krismasi kwa Wanorwe ni wa wale walio ndani tu, na ukikaribishwa ujue umepewa heshima kubwa. Nilipouona mlango ule umefungwa na mishumaa imewashwa ndani, nikaelewa kwa nini Ibsen aliichagua siku hii na si siku nyingine. Katika jamii ambayo sikukuu yake kubwa ni kuwa ndani, kutoka nje usiku wa Krismasi ni kosa zito kuliko kumwacha mume siku ya kawaida. Na mara hiyohiyo swali jingine likazuka: ndani ya mlango ule uliofungwa, ni nani aliyeko pale bila kuwa kwake?

Nilipouliza mezani, Nora kila mtu alimjua, maana huko husomwa shuleni. Jina la yaya hakuna aliyelikumbuka. Siwalaumu. Hata madarasani kwetu sijalisikia.

Nenda basi kwenye orodha ya zawadi katika sehemu ya kwanza, pale Nora anapomwonyesha mumewe alivyonunua. Ivar ana suti mpya na upanga, Bob ana farasi na tarumbeta, Emmy ana mwanasesere na kitanda chake. Watumishi wamepata vitambaa vya magauni na leso. Hapo Nora anaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba mzee Anne-Marie kwa kweli alistahili kitu bora zaidi. Kisha mazungumzo yanaendelea. Sentensi moja tu! Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nasikia sauti ya mama wa nyumba wa Kinondoni au Mikocheni anayefunga doti ya khanga kwenye gazeti na kusema, "Dada naye tungempatia kitu cha maana mwaka huu, lakini ndiyo hivyo tena."

Niseme wazi ninakosimama. Mimi ni mtoto wa dada huyo. Mama alishuka mlimani nikiwa na miaka mitatu akaenda Dar es Salaam kulea watoto wa watu, nami nikalelewa na bibi hapo Chome, chini ya msitu wa Shengena. Krismasi nyingi hakupanda, kwa sababu sikukuu ndiyo siku ambayo nyumba ya bosi ina wageni wengi na vyombo vingi. Desemba magari kutoka Same hupanda yamejaa, watu wananing'inia na mizigo yao. Kifurushi chetu kilikuja na gari, pamoja na barua. Mwaka wa kipaimara changu alipata ruhusa ya siku mbili, mvua za vuli zikakata barabara, akafika sherehe imekwisha na masufuria yameshaoshwa. Akala makande ya bibi yaliyobaki, kesho yake akashuka.

Ndiyo maana sehemu ya pili ya tamthilia, siku ya Krismasi, ilinisimamisha. Nora anamuuliza Anne-Marie aliwezaje kumtoa mtoto wake kwa watu baki. Yaya anajibu kwamba ilimbidi, ndipo apate kazi ya kumlea Nora mdogo, aliyekuwa hana mama. Yeye alikuwa binti maskini aliyezalishwa, na mwanamume yule hakumsaidia kwa lolote. Nora anasema bila shaka binti yako amekusahau. La, anasema yaya, aliniandikia alipopata kipaimara, na tena alipoolewa.

Barua mbili katika maisha yote. Wahakiki wa Ulaya hupita hapo haraka kuelekea kwenye ngoma ya tarantella. Msomaji Mlutheri wa Upare hawezi kupita haraka, kwa sababu kipaimara anakijua: anajua nguo yake, chakula chake, na anajua nani hukaa mbele kanisani siku hiyo. Ibsen hakuhitaji hotuba. Amechagua sherehe mbili ambazo mama hutakiwa awepo, akaweka barua mahali pa mama. Hapa nasema mwandishi amefaulu kuliko pengine popote katika kitabu, pamoja na hotuba zote za sehemu ya tatu.

Lakini hapohapo ndipo anapoponyoka. Katika mazungumzo hayo Nora anadokeza kwamba wanawe wasipokuwa na mtu mwingine, anaamini yaya ange… na sentensi haimalizi. Sehemu ya tatu, usiku wa kuondoka, anamwambia mumewe kuwa watumishi wanajua kila kitu cha nyumba hii kuliko anavyojua yeye. Anaacha funguo. Anatoka. Kwa maneno mengine, ukombozi wa Nora una dhamana, na dhamana hiyo imelala chumba cha pili na watoto watatu. Anne-Marie aliuacha uzazi wake mwenyewe ili amlee mtoto asiye na mama, na sasa uzeeni anaamka asubuhi kukuta wengine watatu. Hakuulizwa. Sehemu nzima ya tatu haonekani jukwaani hata mara moja. Tamthilia inayosema kwamba mwanamke ni mtu kwanza kabla ya kuwa mke na mama imesahau kumwuliza mwanamke mmoja kama naye ni mtu.

Nilipomsimulia mama hadithi hii kwa simu kutoka Bergen, alisikiliza kimya mpaka mlango ulipofungwa. Kisha akauliza, "Na huyo dada aliyebaki na watoto, mshahara wake nani anamlipa? Maana mama mwenye nyumba ndiye huwa anakumbuka tarehe." Sijasoma uhakiki wa Ibsen ulioligusa swali hilo.

Wengine wamekaribia. Lu Xun, mwandishi wa Uchina, alitoa mhadhara Beijing tarehe 26 Desemba 1923 mbele ya wanafunzi wa kike akiuliza Nora akishatoka itakuwaje. Akaona kwamba bila fedha mkononi atapotea, au atarudi. Said Ahmed Mohamed naye katika Utengano, mwaka 1980, alimtoa Maimuna ndani ya nyumba alimofungiwa, akatuonyesha njia hiyo ina miiba gani. Maswali mazuri yote hayo, ila yote yanamfuata anayetoka. Hata mwaka 1880, mwigizaji wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alipokataa kuigiza mama anayeacha wanawe na Ibsen akalazimika, kwa uchungu, kuandika mwisho mwingine ambapo Nora anabaki, waliosikitikiwa walikuwa watoto wa Nora. Mtoto wa yaya hakuwamo katika mjadala.

Kuna atakayesema, hayo ni ya zamani, Norwe ya leo haina watumishi wa ndani. Ni kweli nilikokaa baba mwenye nyumba ndiye aliyeosha vyombo, na kazi aliijua. Lakini Norwe hiyohiyo ilikuwa na mpango wa kuleta vijana wa kigeni kukaa na familia na kulea watoto, wengi wao wakiwa wasichana kutoka Ufilipino, na serikali iliufuta mwaka 2024 baada ya malalamiko ya miaka mingi. Anne-Marie hakwenda popote, alibadilisha pasipoti tu. Kwetu hata hilo hakuhitaji, alishuka tu kutoka Upare, Lushoto, Iringa au Singida.

Nimalizie na ombi kwa wenzangu wa sanaa za maonyesho, watakaoipanda kazi hii jukwaani. Msibadilishe neno hata moja la Ibsen. Nora aondoke, mlango ujibamize kama alivyoandika. Ila taa zisizimwe mara moja. Kelele ile imwamshe Emmy, alie kidogo huko ndani, na Anne-Marie atoke na kanga begani na mshumaa mkononi, aziokote funguo pale zilipoachwa, arudi kwa mtoto. Pazia lishuke akiwa bado anambembeleza.