Mkia ni Saa: Fani ya Nyoka wa Simu

Katika mtaa wa Majengo, komini ya Karisimbi mjini Goma, simu ya vitufe yenye tochi haijastaafu. Umeme ukikatika, ndiyo hubaki na chaji, na kwenye zile za zamani, kama Nokia 1100 ya mwaka 2003, mchezo wa nyoka bado umo. Ziko pia kumbi ambako vijana hulipia kucheza kandanda ya video yenye nyasi, jasho na sura za wachezaji halisi. Sina ugomvi nazo. Ninachodai ni kwamba, tukipima kwa vigezo vya fani, nyoka ni kazi iliyokamilika zaidi, na uchache wa picha zake ni sehemu ya ukamilifu huo.

Taneli Armanto wa Ufini alipouandika mchezo huu kwa ajili ya Nokia 6110, mwaka 1997, alikuwa na kioo cha nukta 84 kwa 48. Wazo halikuwa geni. Blockade, mashine ya Kimarekani ya mwaka 1976, ilikwisha kuwapa wachezaji kazi ya kujenga ukuta nyuma yao huku wakiukwepa. Lakini katika Blockade ukuta hurefuka wenyewe, ilhali mwili wa nyoka hurefuka kwa kula tu. Tofauti hiyo inabadili msuko wote: hatari hapa haiji na adui wala na saa ya mashine, huletwa na ufanisi wa mchezaji mwenyewe. Mwanzoni uwanja ni mpana na kitisho ni ukuta. Mwishoni ukuta umesahaulika na mwili umekuwa ndio mandhari, ndio kikwazo, ndio mhusika mkuu. Riwaya ngapi zimewahi kuyabana majukumu hayo matatu katika umbo moja?

Taharuki nayo ina chanzo kimoja: nyoka hasimami. Vitufe 2, 4, 6 na 8 humgeuza tu. Hawezi kurudi kinyumenyume. Kila kona ni tendo lisilofutika, kama ilivyo katika shairi la arudhi, ambamo neno likishakalia mizani yake hulazimisha yote yanayolifuata.

Tazama sasa hali ambayo kila mchezaji mzoefu anaijua. Chakula kimeota pembeni, na mwili mrefu umekizunguka pande tatu. Mchezaji asiyeiva hukimbilia chakula. Aliyeiva humkunja nyoka mistari kwa mistari, mithili ya ukili unaoshonwa mkeka, akisubiri mkia uondoke njiani. Kila kichwa kinaposogea hatua moja mbele, mkia nao huachia nafasi moja nyuma. Kwa hiyo njia iliyofungwa sasa itafunguka baada ya hatua zinazohesabika. Mkia ni saa, na mchezaji huisoma kwa jicho.

Usomaji huo unategemea ukavu wa picha. Mvike nyoka magamba, mtilie kivuli, mlaze kwenye nyasi zinazopepea, na mpaka kati ya mwili na nafasi tupu utaanza kutiliwa shaka. Hapa kinachoonekana na kinachotawala mchezo ni kitu kilekile. Hali hii naiita uwazi-kanuni: kila nukta kiooni ina wajibu, na hakuna iliyowekwa kwa ajili ya pambo.

Toleo la pili, lililokuwamo katika Nokia 3310 ya mwaka 2000, ni mtihani mzuri wa dai hili. Uvimbe unaosafiri mwilini baada ya mlo ni pambo, ila ni pambo lenye habari, na ninalikubali. Ruhusa ya kupenya ukingo mmoja na kutokea wa pili nailaumu, kwa kuwa imelegeza umbo ambalo nguvu yake ilitokana na kubana.

Tetris, mchezo wa Alexey Pajitnov, inatoa ushahidi kama huo: mwaka 1984 ilizaliwa Moscow kwenye kompyuta ya Elektronika 60, isiyoweza kuchora picha, na vipande vyake vilikuwa alama za kuandikia tu. Sheria za msingi zilikuwa tayari humo. Rangi zilifuata baadaye.

Kwa hiyo kijana wa Goma anayejifunza kuandika programu, na ambaye kompyuta yake haina nguvu ya kubeba picha nzito, asisubiri kununua nyingine. Atafute kwanza kanuni moja inayomgeuzia mchezaji ushindi wake kuwa kikwazo, aijaribu kwa vijiraba vyeusi, na aongeze picha pale tu inapokuwa na habari ya kutoa.