Mgongo wa Picha

Vwawa yupo mwalimu mstaafu ambaye watu humpelekea picha za marehemu wao kama wanavyompelekea fundi redio iliyonyamaza. Hana kibao mlangoni wala hatozi bei. Ana meza, lenzi ya kukuzia maandishi na daftari kubwa la mistari. Ukimkabidhi picha, hatazami uso kwanza. Anaigeuza. Mgongoni, anasema, picha haijipambi. Huko kuna muhuri wa studio uliofifia, mwandiko wa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, alama ya gundi ya albamu, kutu ya pini iliyoishikilia ukutani. Akishamaliza huko ndipo anauliza, taratibu, kama anayebisha hodi: huyu ni nani?

Nilimkuta siku moja ametandaza picha tatu za koo tatu zisizojuana. Wanaume watatu, kila mmoja amesimama wima mbele ya pazia lililochorwa bustani ambayo Mbozi haijapata kuwa nayo. Wenye picha walikuwa wamemwambia mambo tofauti: huyu alikuwa karani, huyu alikuwa tajiri, huyu hatujui. Mwalimu akanionyesha koti. Lilikuwa moja, la mistari, na kwenye picha zote kifungo cha pili hakikuwepo. Studio za zamani ziliazimisha koti, tai na saa, maana aliyekuja kupigwa picha alitaka watu wa nyumbani waone kwamba mji umempokea vizuri. Picha mbili hazikuwa na muhuri. Ya tatu ilikuwa nao, wa Kitwe. Basi wote watatu walipita mbele ya kamera moja, katika mji mmoja wa migodi ya shaba. Vazi la kuazima, ambalo wajukuu walilisoma kuwa utajiri, ndilo lililosema kweli kuhusu safari.

Safari hizo ndizo historia yetu ya nusu karne. Wanaume wa huku walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, Chunya. Wakavuka kwenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Wengine wakasombwa na Wenela, shirika la kuandikisha vibarua wa migodini, hadi Johannesburg, mpaka Tanganyika huru ilipokataza uandikishaji huo. Baadhi walirudi na baiskeli. Baadhi walituma picha, kisha hata picha zikakoma.

Kwetu Tunduma ilikuwepo picha moja tu ya babu. Aliyeiwekea fremu aliikata ili ienee kwenye kioo, na tangu hapo babu alikaa ukutani peke yake, na mkono wa mtu mwingine begani. Sisi watoto tulikua tukiuona mkono ule bila kuuliza, kama ni sehemu ya koti lake. Mwalimu ndiye aliyeuliza. Tukampelekea picha shangazi yetu mkubwa, ambaye macho yalikuwa yamepungua nuru. Akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaangalia bangili, akasema ni dada yake babu, yule aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Kisha akaanza kutaja watoto wa dada huyo mmoja mmoja. Kumbe tulikuwa na ndugu wa damu umbali wa kutembea kwa miguu, na mkasi wa mtengeneza fremu ulikuwa umetuondolea wote.

Karatasi nazo zina mkasi wake. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza kwa mkataba wa 1890 ulipita katikati ya Wanyamwanga, na kila serikali ikaanza kuandika watu kwa mkono wake. Mtu ni Simkonda akiwa Tunduma, akivuka anaandikwa Simukonda. Na dada yake Simukonda, kwa desturi ya wazee, ni Namukonda. Dada yake Sinyangwe ni Nanyangwe. Anayetafuta ukoo wake kwenye rejista kwa herufi ya S atawakuta wanaume wote na kuwapoteza wanawake wote. Makarani wa siku hizi wamerahisisha kazi: mtoto wa kike anapewa jina la baba kama lilivyo, na alama iliyokuwa ikimtambulisha popote aendako inafutwa kwa kalamu ya dakika moja.

Sisemi kwamba makaratasi hayana faida. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwishoni mwa karne ile Traugott Bachmann akaanzisha misheni ya Mbozi kwa Wanyiha. Walikuwa watu wa kuandika. Nyaraka na picha zao zimetunzwa Herrnhut, Ujerumani, na vitabu vya ubatizo vimebeba majina ambayo hakuna kaburi linaloyabeba. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Utengule, alikaa na wanawake waliopitia utumwa, akina Narwimba na Chisi, akaandika maisha yao kwa vinywa vyao. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akayaweka tena mbele ya wasomaji. Ni bahati ya wachache. Picha nyingi za enzi ile zinamtaja mzungu kwa jina lake kamili, na aliyesimama kando yake ni kabila tu. Novemba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikielekea ukingoni, jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilipita karibu na hapa, na mwezi uleule likasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile, pande zote mbili, walitoka katika vijiji hivi pia. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka wapagazi pia. Jina haina hata moja.

Ndiyo maana mwalimu yule haanzii kwenye nyaraka. Huanza na shikamoo. Akikaa na bibi hamwulizi mwaka, maana mwaka ni mali ya karani. Anauliza siku hiyo nani alipika, nani alikuwa na mimba, kama ilikuwa kabla au baada ya reli ya TAZARA kufika Tunduma, kama nyumba ilikuwa pale kwenye mahame au tayari Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha. Bibi akikumbuka mimba, mwaka unapatikana kwenye kitabu cha ubatizo. Mdomo na karatasi vinapeana mkono, naye anaandika daftarini, pamoja na jina la aliyesema.

Leo tunajenga nyumba za vigae na picha za zamani hazipendezi ukutani. Zinashushwa, zinawekwa stoo, mchwa wanamalizia. Simu zina maelfu ya sura, na hakuna iliyo na mgongo wa kuandikwa. Nyaraka za Herrnhut zitakuwepo miaka mia ijayo, kwenye ubaridi wake na makabati yake. Bibi wa kijiji kama Msangano hana kabati, na alichonacho hakijaandikwa popote. Wenye umri wake tunawazika kila mwezi. Pale makaburini husomwa wasifu: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliugua nini, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Nimesikiliza nyingi, nikingoja. Bado sijausikia hata mmoja uliofika kwa mama wa mama yake.