Tumbo la Jeshi

Nyanya yangu alikuwa na mitungi miwili ya nafaka. Mmoja ulikaa karibu na mlango, mahali ambapo kila mgeni angeuona. Wa pili ulikuwa nyuma ya kitanda, umefunikwa kwa gunia. Siku moja nikamuuliza, mbona tunaficha chakula na hakuna anayetuibia? Akacheka. "Mjukuu wangu, mamangu alinifunza hivyo. Mambo ya Kariokor hayo. Mgeni akiuliza, mtungi ni ule mmoja tu."

Kwangu mimi Kariokor lilikuwa soko la Nairobi, mahali pa kununua vyondo na kula nyama choma. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba jina lenyewe ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikitumia hapa kwetu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walipokuwa wakipigana na Wajerumani waliotawala ng'ambo ya mpaka. Dar es Salaam walilitamka Kariakoo, na huko pia limebaki jina la soko. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, hasa mwaka 1917. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza pekee walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi na lishe mbaya, si kwa risasi.

Mitungi ile imenirudia akilini nikisoma upya Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2020, iliyotoka mwaka mmoja kabla hajapata Tuzo ya Nobel. Wengi wameisifu kama riwaya ya ukoloni wa Mjerumani, na ni kweli. Mimi nataka kuisoma kwa swali moja ambalo naona kila kitabu cha vita kinafaa kuulizwa: jeshi hili linakula nini, na chakula hicho kimetoka kwa nani?

Swali lenyewe linaonekana la jikoni, lakini hebu tulifuate. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alizunguka na jeshi lake Afrika Mashariki tangu 1914 hadi alipojisalimisha kule Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya bunduki zilikuwa zimenyamaza wiki mbili nzima. Wajerumani walimpokea kama shujaa, na hata maadui zake walimsifu kwa ujanja. Sawa. Lakini manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani. Jeshi lilishiba nini miaka hiyo yote? Lilikula mtama wa watu na ng'ombe wa watu, na mihogo iliyokuwa ingali ardhini. Waingereza waliomfuata nao wakala kilichobaki. Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, majeshi ya pande zote mbili yalichukua mifugo, nafaka na vijana. Mvua ilipokosa kunyesha, ikaingia njaa ambayo Wagogo wenyewe waliipa jina, Mtunya. Watu waliendelea kufa baada ya vita kwisha.

Na si ati lilikuwa jambo geni. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi. Wengi wa waliokufa kusini kule waliuawa na njaa.

Gurnah anayajua haya yote, na hapo ndipo nguvu ya riwaya yake ilipo. Hamza, kijana aliyejiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari na kujuta karibu papo hapo, hatuonyeshwi akipata ushujaa wowote. Tunaonyeshwa matusi, matembezi yasiyoisha, magonjwa, na askari wanaopora vijiji ili waishi siku moja zaidi. Jeraha lake kubwa hapewi na adui. Anapigwa upanga na Mjerumani wa jeshi lake mwenyewe. Katika vitabu vingi vya vita jeraha hununua heshima. Hapa halinunui kitu. Hamza anarudi mjini akichechemea na kuomba kazi kwa mfanyabiashara.

Tena Gurnah hakubali vita viwe vya wanaume wenye bunduki peke yao. Katika mji wa pwani asioutaja jina, Afiya anakua akimngoja kaka yake Ilyas, aliyeondoka kwenda kuwapigania Wajerumani. Bahari imefungwa, biashara imekwama, chakula ni cha kuhesabu. Kabla ya hapo ami yake alishamvunja mkono kwa sababu tu amejifunza kuandika. Niliposoma sehemu hiyo niliweka kitabu chini. Gurnah hatuhubirii kwamba ukatili wa kambini na ukatili wa nyumbani ni ndugu. Anaviweka katika riwaya moja, msomaji aone mwenyewe.

Sasa wacha niseme kinachonikera, maana sifa tupu si uhakiki. Vijiji vinavyoporwa katika riwaya hii tunaviona kutoka kwenye msafara wa askari. Tunafika navyo na tunaondoka navyo. Maangamizi ya nchi nzima, yale ya maelfu kwa maelfu waliokufa kwa njaa, msimulizi anatupa kwa muhtasari, kwa sauti ya mwanahistoria aliyekasirika. Hasira yake ni ya haki. Lakini Hamza anapata kurasa nyingi za kuwa mtu, na hata yule afisa wa Kijerumani anayemfundisha lugha na kumwachia kitabu cha Schiller anapata nafsi, upweke na aibu. Mama ambaye ghala lake limefagiliwa hapati hata jina. Na riwaya inapofika mwisho, ni Ilyas anayetafutwa, akapatikana katika nyaraka za Ujerumani, amekufa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Jibu hilo linachoma moyo. Ila limewezekana kwa sababu Wajerumani waliandika. Waliokufa kwa njaa hawakuwa na karani.

Pengine namlaumu mwandishi kwa kosa la sisi sote. Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna sanamu za shaba za miaka ya 1920 ambazo tunazipita kila siku tukikimbilia matatu. Maandishi yake yanawakumbuka askari, na wapagazi yanawaita mikono na miguu ya jeshi. Nilisimama hapo mwezi uliopita nikayasoma tena. Mikono imetajwa, miguu imetajwa. Tumbo halimo. Waliolilisha tumbo hilo bila kuulizwa hawana sanamu popote mjini.

Hata methali yetu inatusaidia kusahau. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Tunaisema kwa huruma, lakini angalia inavyodai: nyasi zimeumia kwa bahati mbaya, zilikuwa tu chini ya kwato. Mbona hatusemi kwamba fahali hula nyasi? Wakiwa katikati ya ugomvi bado wanakula, na asiyekula hapigani kesho. Raia wa vita hajasimama njiani kimakosa. Yeye ndiye chakula cha vita, na mara nyingi kumnyima chakula ndiyo mbinu yenyewe.

Asemaye haya ni ya kale atazame Sudan. Vita kati ya jeshi na wanamgambo wa RSF vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Mwezi Agosti 2024 ilithibitishwa kwamba kuna baa la njaa katika kambi ya wakimbizi ya Zamzam, karibu na El Fasher, mji uliokuwa umezingirwa na RSF. Mvua haikuwa na hatia hapo. Na mwezi Februari 2025 RSF na washirika wao walikuja hapa Nairobi, wakaketi KICC, kisha wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Kutoka kwenye zile sanamu hadi KICC ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tuliwapokea wageni, tukawaonyesha viti. Kuhusu nani amewalisha huko walikotoka, sikusikia wenye mji wakiuliza.

Ndiyo maana nasema Afterlives isomwe, na isomwe na Wakenya hasa, ila isomwe kwa ubishi. Gurnah ametufikisha hadi mlango wa ile nyumba iliyoporwa. Waandishi wetu, hasa wanaoandika kwa Kiswahili, lugha ambayo askari na wapagazi wa pande zote mbili waliitumia kambini, wana kazi ya kuingia ndani. Watuambie jinsi mama alivyoamua nani ale leo, na alivyojibu kikosi kilipogonga.

Nyanya alifariki mtungi wa pili ukiwa umejaa. Mpaka leo sijasoma riwaya iliyoandikwa kutoka nyuma ya kitanda kile.