Kuondoa majibu mabaya si kujua kuandika

Ndugu balisansie wenzangu, leo nasema jambo ambalo halitapendeza wote. Ile njia ya "toa mabaya, zuri litabaki", tunayofundishana kwa maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza, iko nzuri. Lakini tunaisifu kupita kiasi.

Inatumika hivi. Mtihani wa GMAT ulikuwa unatoa sentensi moja na majibu 5. La kwanza linarudilia sentensi vile ilivyo. Unatafuta mahali majibu yanatofautiana. Tuseme sentensi inaanza "The quality of the seeds". Majibu mawili yanaendelea na "were", matatu na "was". Kinachozungumziwa ni ubora, si mbegu, na ubora uko mmoja. Basi "were" zote nje, hata haujafika mwisho wa sentensi. Hapo njia inaokoa dakika, naiheshimu.

Shida inaanza tunapotoa jibu "juu linasikika vibaya". Masikio yetu yalisoma mu Kifaransa. "The information is" inatusumbua, juu tumezoea "les informations sont". Tunatupa jibu la kweli, tunabaki na la uongo, na roho imetulia kabisa. Sasa nina kanuni moja: kama siwezi kutaja kosa, jibu halitoki.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Mwaka nilipoomba bursi, mazoezi karibu yote nilikuwa nayapata. Kisha wakaomba barua ya motivasyo, ukurasa mmoja tu. Nikakaa mbele ya karatasi nyeupe. Hapakuwa majibu 5 ya kupunguza. Barua ilitoka mbaya, bursi ikaenda kwa mwingine. Na sisi wa kilimo ndio tulipaswa kujua: kupalilia ni lazima, lakini shamba lisilo na majani mabaya bado si shamba la mahindi. Lazima mtu apande.

Toleo jipya la GMAT, lililoanza mwisho wa 2023, limeondoa maswali haya. TOEFL ITP ingali inadai mtu atafute kosa ndani ya sentensi, kwa hiyo tusitupe njia. Tuiongezee kazi moja: ukipata jibu, funga kitabu, andika sentensi yako mwenyewe kwa kanuni ileile, juu ya shamba lako, umpe mwenzako asahihishe. Ukishindwa kuiandika, hiyo kanuni haujaijua bado.