Nyumba Inayoungua

Mzee wa Kimumu aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo anaweza kumaliza ugali wa nusu ya kulia ya sahani, kisha alalamike kwamba hajashiba. Izungushe sahani, ataendelea kula. Kosa si la macho yake. Akili ndiyo haiendi kushoto.

Je, kile cha kushoto hupotea kabisa, au ubongo hukiona bila kumwarifu mwenyewe? Mwaka 1988 John Marshall na Peter Halligan wa Uingereza walitega mtego rahisi. Walichora nyumba mbili zinazofanana, ila moja ilitoka ndimi za moto ubavu wa kushoto. Hawakuziweka kando kwa kando, maana nyumba nzima ya kushoto ingepotea. Waliziweka moja juu, nyingine chini. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mgonjwa wao, mama aliyeitwa P.S., alisema ni nyumba zilezile. Alipoulizwa angependa kuishi ipi, aliliona swali hilo kuwa la kipuuzi, lakini mara nyingi alichagua isiyo na moto.

Tusishangilie mapema. Mwaka 1990 Edoardo Bisiach na Maria Luisa Rusconi walirudia jaribio nchini Italia, na wagonjwa wawili wakawa wanaichagua ile inayoungua! Kwa hiyo tofauti ilifika mahali fulani kichwani. Kwamba ilifika kama moto, picha zile hazithibitishi. Huenda mchoro mmoja ulionekana tu kuwa na kitu cha ziada.

Jaribio lililonishawishi ni la Anna Berti na Giacomo Rizzolatti, mwaka 1992. Wagonjwa walibonyeza kitufe kutambulisha picha ya kulia: mnyama au tunda? Picha ya kushoto, ambayo wengine walikana kuiona, ilipokuwa ya kundi lilelile, jibu lilikuja upesi zaidi, hata wanyama wenyewe wakiwa tofauti. Umbo haliwezi kueleza hilo. Maana ndiyo iliyopenya.

Lakini kupenya huko hakumwongozi mtu njiani. Mgonjwa akijigonga kila mara kwenye mwimo wa kushoto wa mlango, msimwite mkaidi, mwambieni daktari. Wala msimwache avuke barabara ya Iten peke yake: magari ya upande wa mbali hutokea kushoto kwake.