Kitabu cha Mtu wa Ukerewe

Kisiwa cha Ukerewe kimo katika ziwa Nyanza, upande wa Mwanza. Sisi tukaao Mponde hatuna ziwa wala mtumbwi. Tulivyozoea ni migomba, ukungu, na njia za kupanda na kushuka. Hata hivyo twataka kunena juu ya kitabu kilichotoka kisiwani huko, kwa kuwa kimezua maneno kati yetu. Jina lake ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, na mwandishi wake ni Aniceti Kitereza.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa kisiwa, akafundishwa na mapadre, akawa Mkristo. Kitabu alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, lugha ya kwao. Padre Almas Simard, mtu wa Kanada, alimtia moyo na kutaka kipigwe chapa, lakini padre akafa kabla haijawa. Mwisho Kitereza alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 alingoja!

Habari zake ni za zamani, kabla Wazungu hawajafika kisiwani. Myombekere na mkewe Bugonoka hawana mtoto. Ndugu za mume wamsimanga mwanamke, hata wazazi wake waja kumchukua na kumrudisha kwao. Lakini Myombekere ampenda mkewe. Aenda ukweni kumwomba, naye atozwa pombe ya ndizi kwa matusi ya ndugu zake. Baadaye watibiwa na mganga, wakapata mwana, Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali.

Basi mzee mmoja kati yetu alisema, "Mkristo ana haja gani na habari za pombe na waganga? Baba zetu waliyaacha hayo." Neno lake si la kudharauliwa. Hata sisi twaona kwamba mwandishi aisifu dawa ya mganga bila kuipima, wala hapana mahali asimamapo na kusema, Hapa wazee walikosea. Lakini twauliza: je, angesimama kila ukurasa kukemea, tungewaona watu wale, au tungemwona yeye tu? Awaacha waseme na kutenda kama walivyokuwa, na ubaya wa ndugu za Myombekere waonekana wenyewe. Hahitaji kuhubiri. Tulipokisoma kwa sauti jioni, mama mmoja wa usharika wetu, ambaye hakujaliwa mtoto, aliomba safari ya ukweni isomwe mara ya pili. Hatukumwuliza sababu.

Tena Kitereza aliyajua aliyoyaandika. Yeye na mkewe Anna Katura walizaa watoto, nao wote wakafa wangali wadogo. Jina la Ntulanalwo maana yake ni kwamba mtu anacho kifo siku zote. Na Bulihwali ni kuuliza, Majonzi yataisha lini? Mwenye kujua hayo hawezi kuyasoma majina yale upesiupesi.

Kosa la kweli la kitabu ni jingine: ni kirefu mno, na mwendo wake ni wa kobe. Mgeni akifika mlangoni, hadithi nayo yasimama mpaka salamu zote zimekwisha, na kiti kimetolewa, na chakula kimeliwa, na mikono imenawiwa. Kulima, kuchunga, kuvua samaki, kukamua ndizi kwa pombe, kila kazi yaelezwa hatua kwa hatua. Mwenzetu mmoja alilala usingizi katika habari za pombe, akaamka, ikawa bado haijaiva!

Lakini uchovu huo una faida yake. Mwaka 1945 samaki aitwaye sangara alikuwa hajatiwa ziwani. Alitiwa katika miaka ya 1950, naye akawala samaki wa asili, furu hasa, hata aina nyingi zikatoweka. Nyavu za nailoni nazo zikaja. Mtoto wa mvuvi wa Ukerewe leo hawezi kumwuliza babu yake aliyekwisha kuzikwa jinsi walivyokaa na ziwa lao. Kitabu aweza kukiuliza. Sisi Washambaa tuna Habari za Wakilindi, aliyoandika Abdallah bin Hemedi, na twajivunia Mbegha na wafalme wa Vuga. Lakini humo ni vita na enzi. Mke wa mkulima wa Usambara alipikaje, alimlakije mkwewe, alimlilia mtoto kwa maneno gani? Hilo hatujaliona likiandikwa kwa unene kama huu, wala kwa Kishambaa wala kwa Kiswahili, na wazee wajuao wanapungua.

Nakala yetu ni moja. Yule mzee aliyekikataa kitabu ndiye aliyekiazima sasa, naye ameomba asiharakishwe.